Nukta nyekundu ikae wapi: alama nne kwenye reli ya bunduki yangu

Juu ya bunduki yangu ya kuwindia kuna reli ya chuma yenye mifereji, na ubavuni mwa reli hiyo nimechora alama nne kwa kalamu ya rangi nyeupe. Ya kwanza iko mbele kabisa, juu ya mtutu. Ya pili iko nyuma, karibu na nyundo. Ya tatu na ya nne ziko katikati, zimeachana mifereji miwili tu. Kila alama ni mahali ambapo kilengeo cha nukta nyekundu kimewahi kufungwa, na kila moja ilinigharimu kitu: risasi, pesa, na mara moja kulungu dume aliyesimama hatua 40 mbele yangu kisha akaondoka zake akitembea, wala hakukimbia.

Naishi Maine, jimbo la kaskazini-mashariki kabisa mwa Marekani. Nimewinda hapa misimu mitatu na wa nne unakuja. Msimu wa kulungu kwa bunduki ni Novemba. Jumapili hakuna kuwinda, na siku nyingine unaruhusiwa kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Rangi ya chungwa inayong'aa ni lazima kichwani na kifuani. Kulungu wa huku ni mkubwa kuliko wetu, na akishtuka huinua mkia wenye weupe kwa chini kama mtu anayepunga leso. Msitu wenyewe umebanana, misonobari na mierezi imeshikana matawi, na kuona mbali ni bahati. Kulungu wote niliowaona walikuwa ndani ya mita 80, wengi wao ndani ya 40. Ndugu zangu kadhaa wa Kikongo, Kirundi na Kitanzania wameanza kuingia msituni, na wakinipigia simu huuliza wanunue kilengeo gani. Bado hajanipigia hata mmoja kuuliza kifungwe wapi. Mimi pia sikumuuliza mtu.

Bunduki ni Marlin 336, ile ya wenzo: unasukuma kishikio cha chini kwenda mbele na kukirudisha, ganda linatokea ubavuni, risasi nyingine inaingia. Inatumia risasi ya .30-30, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1895 na mpaka leo imejaa kwenye maduka ya huku. Niliinunua kwa mzee mmoja tuliyekuwa tukifanya naye kazi zamu ya usiku, alipostaafu na mabega yakaanza kumuuma. Ilikuja na vilengeo vyake vya chuma, kimoja mbele na kimoja nyuma, kama ilivyotoka kiwandani.

Nilizijua bunduki tangu utotoni. Babu yangu alikuwa na gobore kule Sikonge, Tabora, na msimu wa kiangazi nilikuwa nabeba maji nikimfuata kwenye miombo. Gobore lile halikuwa na kilengeo cha maana, ni punje ya shaba tu kwenye ncha ya mtutu. Hata hivyo Babu alikuwa na namna yake ya kulinyanyua. Lilipanda taratibu, shavu likatua kwenye kitako mahali palepale siku zote, mahali ambapo mbao ilikuwa imelainika na kung'aa kwa mafuta ya ngozi yake. Nililiona doa lile mara nyingi sana nikiwa mtoto, lakini sikuwahi kujiuliza lilitokana na nini.

Nilipofika miaka 46, kilengeo cha chuma kikaanza kunishinda. Jicho linatakiwa kupatanisha vitu vitatu vilivyo umbali tofauti: kilengeo cha nyuma, cha mbele, na mnyama. Jicho la kijana huruka kutoka kimoja hadi kingine bila shida. Langu lilikuwa likichagua kimoja na kuviacha viwili kwenye ukungu. Ndipo nikanunua kilengeo cha nukta nyekundu.

Kwa asiyekijua, ni hivi. Ndani yake, upande wa nyuma chini, kuna taa ndogo mno ya LED. Inamulika mbele kwenye kioo chenye mbonyeo kilichopakwa utando unaorudisha mwanga mwekundu na kupitisha rangi nyingine. Mwanga unakurudia jichoni ukiwa umenyooka, kwa hiyo nukta huonekana kama iko mbali kule alipo mnyama. Hutazami kioo, unamtazama kulungu, na nukta inakuja kumkalia. Kampuni ya Kiswidi ya Aimpoint ndiyo iliyoleta sokoni kilengeo cha namna hii mwaka 1975, na wateja wake wa mwanzo walikuwa wawindaji. Jeshi la Marekani lilikipokea rasmi katika miaka ya 1990. Watu wengi hudhani safari ilikuwa kinyume chake.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba jicho linaweza kukaa karibu au mbali nacho. Darubini ina umbali wake; ukiisogelea mno, bunduki ikirudi nyuma itakupasua nyusi. Nukta nyekundu haina sharti hilo. Uhuru huo ndio uliozaa swali lote la kifungwe wapi, maana kitu kinachoweza kukaa popote mtu hukiweka popote.

Nilikiweka mbele. Nilikuwa nimesoma kwamba kadiri kilengeo kinavyosogea mbele ndivyo kinavyoziba sehemu ndogo ya macho yako, hivyo unauona msitu wote. Hilo ni kweli, sikuongopewa. Kuna hata mapokeo ya heshima nyuma yake: Jeff Cooper, ofisa mstaafu wa kikosi cha Marine cha Marekani, alihubiri katika miaka ya 1980 bunduki nyepesi yenye darubini dhaifu iliyofungwa mbele juu ya mtutu, ili mpigaji afumbue macho yote mawili na juu ya chemba, pale risasi inapokaa, pabaki wazi. Lakini yeye alisema hayo kuhusu darubini, na kuhusu bunduki ambayo kitako chake kilitengenezwa kwa kazi hiyo. Mimi nilibeba ushauri nikaacha sababu zake.

Nikanunua reli ndefu inayoanzia juu ya mwili wa bunduki hadi kwenye mtutu, ikiwa na tundu dogo la kuchungulia kwa nyuma. Nikafunga kilengeo mfereji wa kwanza mbele. Kilikuja na kikalio chake kirefu dukani, yaani kile kipande kinachokishika kwenye reli, nikakitumia hichohicho. Mwezi wa nane nikaenda renji, uwanja wa kulengea shabaha, nikiwa na fulana, nikakaa mezani, nikaegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga na kupiga risasi 20 kwa utulivu. Zote ziliingia kwenye karatasi, tena karibukaribu. Nikaridhika.

Asubuhi moja ya Novemba kulikuwa na baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri. Nilikuwa nimeketi mgongo ukiwa kwenye shina la mwerezi, nimevaa sweta mbili, koti nene, na kizibao cha chungwa juu yake. Kulungu dume alitoka kwenye vichaka bila sauti. Nikanyanyua bunduki na nikaona duara dogo jeusi, kama sarafu iliyoshikwa kwa mkono ulionyooka, na ndani yake matawi. Nukta haikuwepo. Nikainua kidevu, haipo. Nikainamisha mtutu, nikaona kitu chekundu kikipita haraka kwenye ukingo na kupotea. Kulungu alinitazama, akageuza kichwa, akapita nyuma ya mti ulioanguka. Nilibaki nimeshika bunduki mpaka mikono ikaanza kutetemeka, na haikuwa baridi peke yake.

Kwa wiki nzima niliamini kilengeo ni kibovu. Tena nilikuwa na ushahidi mwingine: nukta yenyewe haikuwa nukta. Nilikuwa naiona kama koma yenye mkia, na nikiongeza mwanga inakuwa kichala cha zabibu. Nikakirudisha dukani, wakanipa kingine, koma ikabaki ileile. Kijana wa dukani hakubishana nami. Alichukua simu, akaweka kamera nyuma ya kioo na kupiga picha. Kwenye picha nukta ilikuwa duara safi kama tundu la sindano. Kisha akaniambia nizungushe kilengeo mkononi huku nikitazama. Kilengeo kilizunguka, mkia wa koma ukabaki umeelekea palepale. Jicho langu ndilo lililokuwa na kasoro. Daktari wa macho alithibitisha: astigmatizimu, yaani uso wa jicho haujaviringana sawasawa. Anayeona koma au nyota asikimbilie kumlaumu muuzaji kabla ya kupiga ile picha.

Lakini koma haikuwa sababu ya nukta kupotea, na hilo nilielezwa na yule mzee aliyeniuzia bunduki. Nilimpelekea Jumapili moja, siku ambayo hakuna anayewinda. Alifungua wenzo, akatazama ndani ya chemba, akaingiza kidole kuhakikisha, akanipa nami nitazame. Kisha akaniambia nivae koti langu la msituni, palepale sebuleni kwake. Nilipomaliza kufunga zipu akasema nifumbe macho, ninyanyue bunduki kama naona kulungu kwenye pembe ya ukuta, shavu litue linapotaka kutua lenyewe, halafu nifumbue.

Nikafumbua. Duara lilikuwepo, nukta hakuna.

"Usisogee," akasema. Akaweka vidole viwili kati ya shavu langu na kitako. Vilipita. "Hapa ndipo kulungu wako alipopotelea."

Alinieleza polepole, na mimi naeleza alivyonieleza. Kitako cha bunduki ya wenzo kimetengenezwa kwa ajili ya vilengeo vya chuma ambavyo viko chini, karibu kabisa na mtutu. Ndiyo maana kinateremka kuelekea begani. Kikalio changu kirefu kilikuwa cha bunduki za aina ya AR, zile za nusu otomatiki zenye umbo la kijeshi, ambazo kitako chake kimenyooka sambamba na mtutu na kilengeo hukaa kama sentimita 6 na nusu juu ya kitovu cha mtutu. Juu ya Marlin kikalio hicho kinamlazimisha mtu anyanyue uso mpaka kidevu ndicho kinachogusa mbao. Mezani, ukiwa na muda, unanyanyua bila kujijua. Halafu linakuja koti. Unene wake unasukuma bunduki mbele, kichwa kinabaki nyuma, na kwa kuwa kitako kinateremka, shavu likirudi nyuma sentimita mbili linashuka pia. Jicho likiwa chini, nukta inajificha chini ya ukingo wa dirisha. Kilengeo kikiwa karibu unaona kuta za ndani za bomba na unatambua kwamba uko chini. Kikiwa mbali, dirisha ni dogo mno hata halikuambii umekosea upande gani.

Nililifikiria doa la Babu usiku ule wote. Shavu lake lilikuwa likirudi mahali pamoja kwa miaka na miaka, na punje ya shaba ilikuwa ikimsubiri mbele ya jicho kabla hajaitafuta.

Baada ya hapo nilifanya kosa ambalo nadhani ni la kawaida kwa mtu aliyeumia: nilibadili vitu viwili kwa mpigo. Nilinunua kikalio kifupi, na hapohapo nikakivuta kilengeo nyuma kabisa, nikalitoa lile tundu la kuchungulia ili kipate nafasi. Sentimita 12 kutoka jichoni. Sebuleni ilikuwa raha tupu. Dirisha lilikuwa kubwa kama mlango, nukta ipo kila ninaponyanyua. Nikachora alama ya pili nikiwa na uhakika kwamba nimemaliza.

Msimu wa pili ulinifundisha kwamba sebuleni hakuna pumzi ya baridi. Ukiwa umepanda kilima, moyo unadunda, unanyanyua bunduki na pumzi yako inapiga kioo cha nyuma. Kioo kilichokuwa nje kwa muda wa saa tatu kina baridi kama barafu. Kinafunga ukungu mara moja, na nukta inakuwa wingu jekundu. Nilijaribu kubana pumzi, nikajaribu kupumulia pembeni ya mdomo, nikapaka dawa ya kuzuia ukungu. Dawa ilisaidia kidogo. Sentimita 10 zaidi kwenda mbele zingesaidia kuliko dawa zote.

Lakini lililoniogopesha ni jingine. Bunduki hii ina nyundo ya nje, ile unayoivuta nyuma kwa dole gumba. Ukishaivuta halafu mnyama akaenda zake, unapaswa kuishusha kwa mkono: unaishika kwa dole gumba, unavuta kifyatulio, unairudisha pole pole mpaka mahali pake pa usalama, mtutu ukiwa umeelekea ardhini. Kilengeo changu kilikuwa kimening'inia karibu juu ya nyundo. Jioni moja, nikiwa na glavu nene na vidole vimekufa ganzi, dole gumba liliingia kwenye ule mwanya mwembamba na kukwama. Nyundo ikaniponyoka nusu ya safari. Haikufyatua, kwa sababu nilikuwa tayari nimeachia kifyatulio na kile kitufe cha usalama cha ubavuni nilikuwa nimekifunga kwanza. Nilisikia "ta!" ya chuma kwa chuma, basi. Mtutu ulikuwa chini, na hakukuwa na mtu karibu. Hata hivyo nilitoa risasi zote palepale, moja baada ya nyingine, nikazitia mfukoni na kurudi kwenye gari gizani na bunduki tupu. Mke wangu aliniuliza mbona nimerudi mapema, nikashindwa kumjibu mpaka kesho yake.

Kuna kipande cha chuma kinachouzwa cha kurefusha nyundo kwa ubavuni ili dole gumba lisihitaji kupita chini ya kilengeo. Nimekifunga na nakipendekeza kwa yeyote mwenye bunduki kama hii, hata kama kilengeo chake kiko mbali. Kwangu mahali pa pili palifutika siku ile.

Safari ya tatu sikukurupuka. Mifereji ya reli hizi inafuata kipimo kimoja cha kijeshi cha mwaka 1995, kiitwacho Picatinny kwa jina la ghala la silaha la New Jersey, na kutoka katikati ya mfereji mmoja hadi mwingine ni takriban milimita 10. Maana yake una ngazi ya sentimita mojamoja ya kupanda na kushuka. Nilirudisha tundu la kuchungulia nyuma, nikavaa koti, nikahakikisha bunduki ni tupu na risasi ziko chumba kingine kimefungwa, nikaanza kujaribu mfereji baada ya mfereji. Macho nafumba, nanyanyua, nafumbua. Mara kumi kwa kila mfereji: nikiwa nimesimama, nimeketi, nimepiga goti, nimegeukia kushoto kwa ghafla. Kila mara nukta ilipokuwepo bila kuitafuta niliweka mstari kwenye karatasi. Kazi hiyo ilichukua jioni tatu.

Mfereji ulioshinda uko juu ya ncha ya mbele ya mwili wa bunduki, pale unapokaribia kukutana na mtutu. Kama sentimita 22 kutoka jichoni. Dirisha si kubwa kama lile la pili, lakini bomba halizibi msitu. Ukifumbua macho yote mawili linabaki kivuli chembamba kuzunguka nukta. Pumzi haikifikii. Nyundo iko huru. Uzito umekaa juu ya mkono wa kushoto badala ya kuning'inia kwenye mtutu. Na lile tundu la nyuma limeniletea zawadi ambayo sikuitegemea: nikilichungulia nukta ikiwa imewaka, koma inakuwa nukta, kwa sababu tundu dogo linachuja mwanga na kuficha kasoro ya jicho. Kulungu akiwa mbali na ametulia nalitumia. Akiwa karibu silihitaji.

Kufunga kwenyewe kuna mambo ambayo sitayarefusha. Safisha mafuta kwenye skrubu kabla ya kutia ile gundi ya bluu ya kuzuia skrubu kulegea. Sukuma kikalio kuelekea mbele ndani ya mfereji kabla ya kukaza, maana bunduki ikirudi nyuma kilengeo hutaka kubaki, na kama kuna mwanya hata wa unywele kitautumia. Kaza kwa spana yenye kipimo badala ya kukisia kwa alenki. Halafu chora mstari wa rangi unaovuka skrubu na kikalio. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Na ukikisogeza hata mfereji mmoja, rudi renji. Msimu wa kwanza nilidhani kurudi palepale kunatosha. Changu kinasogea dakika moja ya pembe kwa kila mlio wa kirekebishio, karibu sentimita 3 kwa mita 100, na kukifungua na kukifunga tu kulinisogezea risasi milio miwili kulia.

Wenye bunduki za aina ya AR wana mtego wao. Reli ya juu ya mwili na reli ya kishikio cha mbele huonekana kama reli moja ndefu, lakini ni vipande viwili. Kishikio cha mbele hupata joto na hupinda kidogo ukikiegemeza au ukivuta mkanda. Kilengeo kisikae kwenye kishikio, na kikalio kisilale juu ya kiungio mguu mmoja huku na mwingine kule. Mbele kadiri unavyotaka, ila ndani ya mwili. Nimemwambia hivyo rafiki yangu Mkongo mara mbili. "Yaya (kaka), lakini inapendeza pale," ananijibu. Nitamwambia mara ya tatu.

Msimu wa tatu, siku ya sita, nikiwa kwenye ukingo wa kinamasi, kulungu jike alitoka kulia kwangu, mahali nisipopategemea, na kibali changu kilikuwa kinaniruhusu jike. Theluji nyepesi ilikuwa ikianguka. Sikumbuki kunyanyua bunduki. Nakumbuka manyoya ya begani kwake, chembe mbili za theluji zikiwa juu yake, na nukta ikiwa imekaa nyuma kidogo ya mkono wa mbele kana kwamba ilikuwa pale tangu asubuhi. Alianguka ndani ya hatua 30. Nilipiga goti karibu naye kwa muda, nikamshukuru Mungu, kisha nikaanza kazi ya kumvuta. Nyama ile ilifika kwenye nyumba nne.

Alama ya nne si yangu. Kiangazi hiki mke wangu amemaliza mafunzo ya usalama wa uwindaji na kufaulu, na msimu huu atakuja nami. Tutatumia bunduki hii kwa zamu. Wiki iliyopita nilihakikisha ni tupu, naye akahakikisha baada yangu, akavaa koti lake jekundu la zamani, akafumba macho na kunyanyua.

"Baba Neema, hakuna kitu humu."

"Hakuna nukta, au huoni hata dirisha?"

"Dirisha lipo. Naona ukuta wa juu wa bomba."

Nikaweka vidole viwili chini ya shavu lake, na havikupita. Lilikuwa limelala vizuri kwenye mbao. Yeye ni mfupi kuliko mimi, mikono yake mifupi, na kitako ni kirefu kwake, hivyo shavu linatua nyuma zaidi, kule mbao iliposhuka. Jicho lake liko chini ya langu kwa upana wa kidole. Nilitaka kukisogeza kilengeo tu, nikajizuia, kwa sababu kukisogeza mbele au nyuma hakumwinui mtu jicho. Tukafunga pedi ya ngozi juu ya kitako kwa kamba zake, tukaongeza vipande viwili vya sponji ndani. Akafumba, akanyanyua, akafumbua: nukta ipo, chini kidogo. Sponji ya tatu, ikapanda katikati. Ndipo nikakileta nyuma mifereji miwili, dirisha likakua kidogo kwake, na uzito ukarudi karibu na kifua.

Alirudia mara kumi huku mimi nikiweka mistari kwenye karatasi. Mara ya nane hakufumbua upesi. Alisimama vile, macho yamefumbwa, shavu kwenye ngozi, akapumua, halafu akafumbua.

"Ipo," akasema. "Lete hiyo kalamu yako."

Jumamosi tunakwenda renji kuanza upya, mita 25 kwanza.